Siku moja maishani mwangu: Serikali ilipofungwa, 1 Oktoba 2025

Saa 11 alfajiri. Tuliyoambiwa wiki nzima yametimia. Bunge la Marekani halikupitisha fedha, na tangu saa 6 usiku serikali imefungwa. Mimi ni mhasibu wa serikali kuu, naishi Silver Spring, Maryland. Leo bado natakiwa kazini, ila kazi yenyewe ni kufunga ofisi.

Saa 2 asubuhi. Treni ina viti vitupu. Anayepanda Red Line, njia yetu ya treni ambayo asubuhi huwa imejaa, atajua uzito wa sentensi hiyo.

Saa 3. Tumepewa muda wa saa zisizozidi nne kumaliza. Nasaini barua ya likizo ya lazima bila malipo, naacha ujumbe kwenye barua pepe kwamba sipo, nakabidhi kompyuta. Ankara za wakandarasi nilizoanza kuhakiki nazifungia kabatini. Bosi anarudia: ukiwa nyumbani usifungue barua pepe ya kazi, hata kwa nia njema. Hatanii. Sheria ya tangu karne ya 19 inaikataza serikali kupokea kazi ya kujitolea, na anayeivunja kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 2.

Meza ya jirani yangu ni tupu. Alikubali ule mpango wa serikali wa mwaka huu wa kujiuzulu kwa hiari, akalipwa mshahara miezi kadhaa huku amekaa kwake. Malipo yameisha jana. Waliouchukua wamepita 150,000. Eti kubana matumizi! Februari, kwa jina hilo hilo, kadi za manunuzi ya ofisi ziliwekewa kikomo cha dola 1, ikawa wino wa printa unaombewa kibali kama mkopo wa nyumba. Saa zilizoteketea kwenye vibali hivyo nani amezipigia hesabu?

Saa 6 mchana. Kwenye lifti nakutana na mama anayesafisha ghorofa yetu. Mimi, kwa sheria ya 2019, nitalipwa malimbikizo yangu serikali ikifunguliwa. Yeye ameajiriwa na mkandarasi, sheria hiyo haimgusi. Ananipa pole. Nimeshindwa kujibu.

Jana ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba watumishi kama 750,000 watakaa nyumbani kila siku, na ujira wao ni takriban dola milioni 400 kwa siku. Hela itatoka, kazi haitafanyika. Serikali ilipofungwa siku 35, mwaka 2018 kuingia 2019, ofisi hiyo hiyo ilikadiria uchumi ulipoteza dola bilioni 3 zisizorudi.

Saa 8. Nampigia mama, Mwananyamala, Dar es Salaam. Kwake ni saa 3 usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamekufukuza?"

"Hapana. Nimekatazwa kufanya kazi, nitalipwa baadaye."

"Utalipwa kwa kulala?"

Anacheka mpaka anakohoa. Halafu ananikumbusha Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco, hapo hapo Dar. "Ile hela niliikanyaga kwa miguu yangu," anasema. Mengi ya enzi ile tunabishana, lakini hili nimemwachia.

Saa 12 jioni. Najaza maombi ya fidia ya kukosa ajira. Jimbo litanilipa, kisha malimbikizo yakitoka nitalirudishia. Kuna watu wataajiriwa kuifuatilia hela hiyo ikienda na kurudi. Fomu inauliza kwa nini sifanyi kazi. Nachagua "hakuna kazi", nikiziwaza zile ankara kabatini.