Samaki wa kufugwa au wa baharini?

Tangu nipate ujauzito, suala la samaki limenikosesha raha. Daktari aliniambia niendelee kula, ila niachane na papa na nduaro, maana zebaki hujikusanya zaidi kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, na inaweza kudhuru ubongo wa mtoto. Nikasema basi, nihamie kwa wa kufugwa.

Juzi nikaweka vipande viwili vya samoni ubaoni. Wa kufugwa alikuwa na mistari minene, myeupe, ya mafuta, hadi kisu kinateleza. Wa baharini alikuwa mwekundu sana, nyama imekaza. Na ile rangi ya wa kufugwa hutokana na kirutubisho kinachotiwa kwenye chakula chake! Mwaka 2004 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokuta samoni wa kufugwa wana PCB (kemikali za viwandani zenye sumu) nyingi kuliko wa baharini, na chakula chao ndicho kilichotiliwa shaka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba chakula hicho kina unga na mafuta ya samaki wadogo wanaovuliwa baharini. Yaani tunavua samaki ili tulishe samaki, bahari haipumziki. Chawa wa samaki nao hutoka kwenye vizimba na kuwaganda samoni wachanga wanaopita jirani. Perege wa kufugwa ni afadhali, kwa kuwa hukua vizuri kwa chakula cha mimea.

Kwa sasa nimeshika sadini, mara mbili kwa wiki. Wenzangu mliokwisha kulea mimba, nyie mlikula samaki gani?