Upasuaji Umeahirishwa kwa Sababu ya Damu

Jumanne iliyopita sikuonja kitu tangu saa sita usiku, mkoba wangu ukiwa tayari na kanga mbili juu yake, nikisubiri kuondolewa uvimbe wa kizazi ambao umenitoa damu nyingi kila mwezi kwa karibu miaka miwili. Saa mbili asubuhi muuguzi alifuta jina langu ubaoni kwa kiganja cha mkono, kisha daktari akanionyesha karatasi ya maabara: himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) gramu 7.9 kwa desilita, ilhali mwanamke asiye mjamzito hutakiwa kuwa na 12 au zaidi.

Nilikasirika, sifichi, hasa kwa kuwa mama mkwe alikuwa amesafiri kwa basi usiku kucha kutoka Arua hadi Kampala kuja kuniuguza. Hata hivyo, daktari alinieleza kwamba upasuaji wa aina hiyo waweza kumwaga damu nyingi, na kwamba akiba ya damu hupungua wakati wa likizo, kwa sababu wachangiaji wengi hapa Uganda ni wanafunzi. Hoja hiyo sikuweza kuipinga.

Sasa ninameza vidonge vya madini ya chuma kwa maji ya machungwa (hugeuza choo kuwa cheusi, msije mkashtuka kama mimi), na chai nainywa saa mbili baadaye, kwani huzuia chuma kufyonzwa mwilini. Mama mkwe amekataa kurudi. Kila jioni ananipikia dodo (mchicha) na maini, akinisimamia hadi sahani iwe tupu. Nitapimwa tena baada ya wiki nne.