Taarab ya tamasha, ya harusini na ya darasani

Kila ikifika Februari watu wa bara tunajazana kwenye boti kwenda Unguja kwa ajili ya tamasha la muziki la Sauti za Busara, afu tukirudi stori ni zile zile, Ngome Kongwe ilijaa, bendi ya nchi fulani imetisha, na taarab? "Taarab ilikuwepo ila walipiga kidogo tu." Hii ya mwisho huwa inaniudhi kidogo, sio kwamba ni uongo, ila watu wanaongea kama taarab ni kitu kimoja chenye urefu wake maalumu, ukikata umeua.

Mpiga udi yule yule uliyemwona jukwaani wiki hiyo hiyo anaweza akawa na kazi tatu na kila moja inamtaka apige kivyake. Kwenye tamasha kuna ratiba, kila kundi lina dakika zake na wengine wanasubiri nyuma ya jukwaa, kwa hiyo hamna nafasi ya kuanza na bashrafu ndefu ya vyombo vitupu ndo mwimbaji aje taratibu. Lakini tangu 2004 walipoanza hawa jamaa wa Busara wameshikilia muziki upigwe laivu, hakuna mambo ya kuweka CD halafu mtu anafungua mdomo, na kwa hilo tu mi nawavulia kofia.

Sasa nenda harusini uone. Huko saa haina kazi. Ubeti ukimgusa mtu ananyanyuka na noti yake, anatembea kwa madaha yote mpaka mbele, anatunza, na njiani kuna mtu anatazamwa kwa jicho la "umesikia hiyo?" na huyo naye baada ya dakika mbili ananyanyuka na noti yake. Bendi ikiona bado wanakuja inarudia kiitikio, inarudia tena, yaani urefu wa wimbo wanaamua wenye pesa mkononi. Na ikiwa ni kidumbaki, mdogo wake taarab, ndo usiseme kabisa, fidla moja, sanduku la besi, vile vingoma vidogo viwili vya vidumbaki, cherewa za kutikisa na mkwasa wa kugonganisha, nyimbo zinaunganishwa moja kwa nyingine bila kupumua na kina mama wanacheza mpaka mpiga fidla mkono unakufa ganzi.

Ya tatu ya hotelini, wageni wanakula pweza na udi uko pembeni kwa sauti ya chini. Inalipa bili, sina la zaidi.

Wazee wangu wa taarab asilia wanasema ratiba za siku hizi zinaharibu, mara rusha roho, ile taarab ya kisasa, mara tamasha, ila nauliza tu, mwimbaji wetu Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, upande mmoja wa santuri za wakati ule ulikuwa unabeba kama dakika 3 hivi basi. Sasa mtu aliyezoea kuimba usiku kucha unamwambia dakika 3! Wimbo ama unabanwa ama unageuza upande. Na bado santuri hizo hizo ndo zilizolitangaza jina lake mwambao wote, kwa hiyo kubanwa kwa wimbo kuna umri karibu wa miaka mia na taarab ipo.

Kinachonipa mawazo zaidi ni darasani. Kile chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA (Dhow Countries Music Academy), kilichoanza 2002 na kikakaa miaka mingi pale jengo la forodha la zamani, kimefanya kazi kubwa jamani, kijana anaingia hajui hata kushika kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, anatoka anasoma nota na ana cheti, na cheti kinamfungulia milango ya safari na mikataba. Mwimbaji Bi Kidude, Mungu amrehemu, hakuwa na cheti chochote cha muziki na tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, ya 2005 aliichukua. Lakini hatuwezi kusubiri kila kijana awe Bi Kidude. Shida ni kwamba nota zinakufundisha wimbo unaishia wapi, na harusini wimbo hauishii hapo! Nishawaona vijana wanapiga vizuri ajabu, safi kabisa, mama anakuja kutunza wao wameshafunga wimbo, mama kabaki na noti yake katikati ya ukumbi.

Ndo maana mi bado naziamini zaidi klabu za taarab. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, hapo kijana anakaa nyuma ya mzee kwenye mazoezi, anaangalia bega la mzee kujua sasa tunarudia au tunafunga. Tamasha ni zuri ila linategemea wafadhili, 2016 halikufanyika kabisa kwa kukosa pesa, na harusi mwaka huo ziliendelea kama kawaida.

Kwa hiyo ukienda Februari nenda Ngome Kongwe, lile gwaride la ufunguzi mtaani usilikose maana halina kiingilio, na kama wewe ni msanii tafuta vile vikao vya mchana vya Movers & Shakers, kule ndo unakutana na mapromota na waandaaji wa matamasha mengine, usiishie kupiga nao selfi. Ila ukibahatika mtu akakualika harusi usiku huo huo, tiketi yako muuzie mtu mwingine, badilisha hela upate noti ndogo ndogo, uende.