Hata panya anaogopa

Leo jioni pale Raskazone, Tanga, mdogo wangu alinishika mkono ghafla. Moyo unamwenda mbio, pumzi hapati, anasema anakufa. Tukakaa chini ya mti mpaka ikapita.

Nikamsimulia tulichosoma chuoni.
Panya huwekwa juu ya njia yenye umbo la msalaba, iliyoinuliwa kama nusu mita. Mikono miwili ina kuta, miwili iko wazi. Hujibanza penye kuta. Akipewa diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, huthubutu kutoka.

(Hapo hupimwa wasiwasi; hofu ya kushtukiza kama ya mdogo wangu ni ngumu zaidi kuiiga kwa mnyama.)

Akanyamaza. Kisha:
"Dada, na huyo panya hakuna anayemwambia ana mashetani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka sasa namsikia.

Jamani, nani ana ndugu wa hivi? Mnamsaidiaje?