Orkney, kwa Daktari Rae

Feri ya Scrabster, kaskazini mwa Scotland, hadi Stromness katika visiwa vya Orkney huchukua saa moja na nusu, na siku hiyo bahari ilichafuka kweli. Nimekulia Tanga, kusi nalijua, lakini nilishikilia chuma cha feri mpaka gatini. Hapo bandarini ndipo iliposimama sanamu ya John Rae, daktari na mpelelezi wa Aktiki, niliyemfuata.

Rae alizaliwa visiwani humu mwaka 1813, akasomea udaktari Edinburgh, kisha akaajiriwa na Kampuni ya Hudson's Bay huko Kanada. Maofisa wa jeshi la majini la Uingereza walikwenda Aktiki na vyombo vya fedha mezani. Daktari huyu aliketi na Wainuit, wenyeji wa Aktiki, akafunzwa: kujenga nyumba kwa matofali ya theluji, kugandisha maji chini ya sleji ili iteleze, kuwinda chakula chake. Katika makumbusho ya Stromness nilisimama sana mbele ya mashua ya Halkett, ya kitambaa kilichopakwa mpira. Unaijaza hewa, unavuka mto, unaikunja. Rae alitumia za aina hiyo.

Balaa lilianza 1854. Wainuit wa Pelly Bay walimweleza kwamba watu wa John Franklin, ofisa wa jeshi hilo la majini, waliopotea Aktiki na meli mbili, walikufa njaa, na kwamba wa mwisho walikula maiti za wenzao. Wakamuuzia vijiko na uma za fedha za maofisa hao. Rae akaandika alivyoambiwa. London ikawaka! Mwandishi wa riwaya Charles Dickens akachapisha kwamba maneno ya Wainuit si ya kuaminika, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye barafu. Rae alilipwa zawadi ya pauni 10,000 iliyoahidiwa, lakini cheo cha "Sir" hakukipata.

Baadaye mifupa ya watu wa Franklin ilichunguzwa ikakutwa na alama za visu. Erebus, mojawapo ya meli zao, ikaonekana 2014, katika eneo ambalo wazee wa Kiinuit walikuwa wakilitaja miaka yote.

Nilipanda basi hadi Kirkwall. Ndani ya kanisa la Mtakatifu Magnus, Rae amechongwa kwenye jiwe, amelala na mavazi yake ya safari, bunduki na kitabu kando. Nilipenda kwamba hawakumvisha suti. Kaburi lenyewe liko nje, nyuma ya kanisa; nililiona harakaharaka, maana mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu na basi la kurudi halingojei mtu.