Waliniambia niifiche 1410, nikaituma

Kama una alama ya SAT, ule mtihani wa waombaji wa vyuo vya Marekani, iliyo chini ya zile zinazotajwa na vyuo vigumu kuingia vya huko, na mtu amekushauri uifiche, yaani usiitume kwenye maombi, nisikilize kwanza. Ushauri huo nilipewa na watu wanaoheshimika: kaka mmoja aliyekuwa mwaka wa tatu huko Boston, mshauri wa kulipwa wa Dar es Salaam, na karibu kundi zima la WhatsApp la waombaji wenzangu. Nilikuwa na 1410 kati ya 1600. Niliituma, na sasa nasoma New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, chuo kinanilipia karibu kila kitu mpaka bima ya afya.

Nimesoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) katika shule ya serikali mkoani Tanga, nikamaliza kidato cha sita Mei 2023. Pale shuleni hakuna aliyewahi kufanya SAT. Kitabu cha kwanza nilichopata kiliachwa na Mzungu wa kujitolea miaka mingi nyuma, na mwalimu wa tuisheni aliyekubali kunisaidia alikiamini kila mstari. "Binti, usichokijua kiache wazi," alinisisitiza kila tukikutana. "Wale wanakata." Kweli walikuwa wanakata, robo ya alama kwa kila jibu baya, lakini utaratibu huo ulifutwa 2016.

Agosti 2023 nikaingia chumba cha mtihani Dar na sheria hiyo kichwani. SAT ya nje ya Marekani ilikuwa imehamia kwenye kompyuta tangu Machi mwaka huohuo, na kitabu changu hakikuwa na habari hiyo. Nilikuwa nimejizoeza makala ndefu zenye maswali mengi chini yake. Kwenye skrini kila swali linakuja na aya yake fupi, maswali 27 kwa dakika 32, na saa inahesabu palepale juu. Sehemu ya Kusoma na Kuandika ina moduli mbili. Ya kwanza niliacha maswali kadhaa wazi, kwa utiifu kabisa. Ya pili ikaja laini: aya nyepesi, msamiati wa kawaida. Nikawa natembea tu, nikajua leo nimeupatia.

Hakuna aliyeniambia kwamba mtihani huu unakupima unavyoendelea. Ukifanya vibaya moduli ya kwanza, ya pili unapewa nyepesi, na ukishapewa nyepesi, hata ukipata yote huwezi kufika alama za juu. Ule wepesi niliofurahia ndio uliokuwa adhabu. Nikapata 1290: hesabu 720, Kiingereza 570. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka, kwa sababu kubahatisha hakugharimu chochote. Majibu ni manne. Hata ana ana ana doo ingeniokotea kitu.

Hela ya kurudia mama alikopa vicoba. Ukijumlisha na ile nyongeza ya kufanyia nje ya Marekani, ada inapita dola mia, wakati ule kama laki mbili na nusu na kitu, bado nauli na pa kulala. Msamaha wa ada ya SAT wasio raia wa Marekani tunaoishi nje ya Marekani hatupewi, usipoteze muda kuutafuta. Msamaha wa ada ya maombi ya chuo upo, huo uombe bila aibu.

Safari hii nilijifunza kwenye Khan Academy, bure, kwa bando la usiku kwenye simu. Mitihani ya majaribio iko kwenye Bluebook, programu ileile utakayofanyia mtihani. Hiyo haikubali simu, kwa hiyo nilikuwa naazima laptopu ofisini kwa mjomba wakishafunga.

Sasa hesabu. Ndani ya mtihani kuna kikokotoo cha kuchora grafu kinaitwa Desmos, na hapa ndipo nilipojipatia utajiri. Sisi tumelelewa na NECTA, baraza letu la mitihani: onesha njia, maana njia ina alama. SAT hakuna anayeiona njia yako. Nilipolielewa hilo nikaacha kuhangaika na karatasi. Milinganyo miwili? Andika yote miwili, gusa pale mistari inapokatana, jibu hilo. Wanauliza thamani ndogo kabisa ya fomula ya kipeo cha pili (quadratic)? Gusa kitako cha grafu. Wanataka thamani ya k inayofanya mlinganyo uwe na jibu moja tu? Unaweka k iwe ya kuteleza (slider), unaisogeza taratibu mpaka mstari uguse mkunjo mahali pamoja tu. Nilikaa na Desmos usiku baada ya usiku mpaka vidole vikawa vinajua vyenyewe, na Oktoba nilikuwa namaliza moduli ya hesabu nikibaki na muda wa kurudia kila swali. 770. Kiingereza 640, nyingi zikitokana na kanuni za uakifishaji, nukta mkato na wenzake, ambazo unaweza kuzikariri kama kanuni za fizikia.

Basi nikawa na 1410, na hapo ndipo wataalamu walipoanza. Mwaka ule vyuo vingi vilikuwa bado vinaacha hiari ya kutuma alama. MIT ilikuwa imeurudisha mtihani kuwa lazima tangu Machi 2022, vyuo vya University of California havitazami alama kabisa. Kaka wa Boston alinifungulia takwimu ambazo vyuo huchapisha kila mwaka, Common Data Set, kipengele cha C9, akanionesha kwamba kwenye vyuo nilivyovitaka hata mpaka wa robo ya chini ya waliojiunga ulikuwa juu ya alama yangu. "Mdogo wangu, usijichafulie maombi," akasema.

Nikamuuliza: kaka, hizi ni alama za nani? Ni za waliotuma. Mwalimu akisema anayetaka asome alama zake kwa sauti darasani, watasimama wa 80 na 90, na mgeni aliye mlangoni atadhani darasa zima ni vichwa. Kila mwenye alama za kati akificha, takwimu za mwaka unaofuata zinapanda, na wanaoficha wanaongezeka.

Halafu msomaji wa maombi kule Marekani hajui Divisheni One ya pointi 4 kwenye PCM ni kitu gani. 1410 anaijua. Kinachobaki ni kumwonesha imetoka wapi. Kila ombi linakwenda na wasifu wa shule, na shule nyingi za kwetu hazina. Nikamwendea mwalimu wa taaluma, shikamoo mwalimu, nikamweleza, tukauandaa pamoja: darasa lina wanafunzi wangapi, maabara ina nini, matokeo ya kidato cha sita ya miaka mitatu jinsi yalivyo kwenye tovuti ya NECTA, na sentensi moja kwamba huyu ndiye wa kwanza shuleni kufanya SAT. Yeye akasaini na kuutuma. Naamini ukurasa ule ulifanya kazi kuliko insha zangu zote.

Maombi yakaenda Januari. Mwezi uliofuata chuo cha Dartmouth wakatangaza kurudisha mtihani kuwa lazima, na utafiti wa wahadhiri wao ukasema yaleyale: waombaji wengi kutoka mazingira magumu, wenye 1400 na kitu, walikuwa wameficha alama ambazo zingewasaidia, kwa sababu chuo kinasoma alama kwa kutazama ulikotoka. Nililituma tangazo lile kwenye lile kundi la WhatsApp bila kuongeza neno. MIT walinikataa. Wengine wawili pia. Mwisho wa Machi hiki changu kikasema ndiyo.

Mambo yamegeuka tangu wakati huo. Harvard, Brown, Caltech, Stanford na Cornell wamerudisha mtihani. Yale wanakubali na matokeo ya AP au IB, mitihani mingine ya kimataifa ya sekondari, badala yake. Columbia wamebaki na hiari. Kwa hiyo kusoma masharti ya kila chuo ni lazima, usitegemee ya mwaka jana. Vyuo vingi huchukua alama yako bora ya kila sehemu hata kama ni za siku tofauti, ila Georgetown hutaka zote. Jisajili mapema, vituo vya Dar hujaa, na pasipoti iwe mkononi kabla. Wasifu wa shule uufuatilie Oktoba, kabla mwalimu wa taaluma hajaitwa kusahihisha mitihani ya kidato cha nne, maana akishaondoka humpati mpaka mwaka mpya, na maombi mengi yanafungwa siku za mwanzo za Januari.