Mkanda wa jeshi ulipona, maumivu yakabaki

Mzee alikuwa akija kliniki yetu amelishika shati kwa vidole viwili, amelivuta mbele lisimguse ubavu. Mara mbili nilimwona hivyo nikadhani ni joto. Mara ya tatu ndipo nikauliza.

"Shikamoo baba. Mbona shati umelishika hivyo?"

"Marahaba mwanangu. Likinigusa naungua."

Umri wake ni miaka sabini na ushee. Miezi mitano nyuma aliugua mkanda wa jeshi. Malengelenge yalikauka, yakaacha makovu ubavu wa kushoto. Tangu hapo alikuwa akipewa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na mimi mwenyewe niliigawa bila kujiuliza kwa nini anarudi kila mara. Hilo linaniuma mpaka leo, maana kwa mzee dawa ile huweza kudhuru figo na tumbo, na maumivu ya namna hii haiyawezi.

Nilichukua kipande cha pamba, nikampitishia taratibu ubavu wa kulia. Akasema anaisikia, basi. Nilipoigusisha tu kwenye makovu, alishtuka akang'ang'ania ukingo wa kitanda. Pamba! Sisi tumezoea kuuliza maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10. Siku hiyo nilimuuliza yanaumaje, naye hakusita: yanachoma kama pilipili kwenye kidonda, mara yanampiga kama shoti ya umeme, na usiku ndiyo balaa.

Mkanda wa jeshi huletwa na virusi vya tetekuwanga, ambavyo hujificha miaka mingi ndani ya mishipa ya fahamu. Vikiamka uzeeni huijeruhi, na ngozi inaweza kupona kabla ya mishipa yenyewe. Niliandika maneno yake yote kwenye faili, nikampeleka kwa daktari. Akaandikiwa amitriptilini, nusu ya kidonge cha miligramu 25 kila usiku.

Siku ya sita alirudi na vidonge vyake mkononi. Dukani wamemwambia ni dawa ya wagonjwa wa akili, mdomo unamkauka, na maumivu yako palepale. Nilipaswa kumweleza mapema. Tukakaa kwenye benchi, nikamwambia ni kweli hutibu sonona, ila kwa dozi ndogo hutuliza mishipa ya fahamu, na huchukua wiki kadhaa. Asiinuke kitandani ghafla. Mkojo ukigoma, aje siku hiyohiyo, kwani wanaume wa umri wake wengi tezi dume yao imekua, na dawa hii huweza kuzuia mkojo. Binti yake alikuwa akimchua kwa mafuta ya moto kila jioni, kwa upendo wote. Nilimwomba aache, amtafutie fulana laini ya pamba.

Dozi iliongezwa mara moja tu. Wiki ya sita aliniambia amelala mpaka adhana ya alfajiri, kitu ambacho hakijamtokea tangu augue. Maumivu ameyapa 4, kutoka 8. Shati alikuwa ameliachia. Upepo wa feni bado unamchoma, kwa hiyo akija huwa namwekea kiti upande wa mlangoni.